Eti "Wewe Unakaa Tu, Unachoka Nini?"

Ndugu zanguni, leo niacheni nitoe dukuduku langu.

Huku Vaughan, mbeba maboksi ghalani akisema mgongo unamuuma, wote tunampa pole. Kijana wa miaka 25 anayeshinda kwenye kompyuta akisema hivyo hivyo, tunamcheka: "Wewe unakaa tu, unachoka nini?" Na mimi nilikuwa mchekaji mkubwa, mpaka mpwa wangu alipoamka asubuhi moja hawezi kugeuza shingo.

Jamani, huu ni ujinga, tuuache. Mwili haujui cheo. Ukikodolea kioo cha kompyuta unapepesa macho mara chache kuliko kawaida, ndiyo maana yanakauka na kuwasha. Shingo iliyoinamia laptop inabeba kichwa kutwa nzima bila mapumziko. Hilo nalo ni boksi!

Sasa sikilizeni penye uchungu. Kule nyumbani wanaamini matibabu Kanada ni bure. Bure kwa nani? Tangu Novemba 2004, OHIP, yaani bima ya afya ya Ontario, hailipii vipimo vya kawaida vya macho kwa mtu wa miaka 20 hadi 64, labda awe na magonjwa fulani kama kisukari. Mwaka 2005 wengi wa umri huo huo wakaondolewa kwenye fiziotherapia pia. Yaani umri wa kushinda kwenye kompyuta ndio huo huo unaoambiwa toa mfukoni! Kama mwajiri hajakupa bima ya ziada, imekula kwako.

Miongozo ya Kanada ya Oktoba 2020 inasema mtu mzima asikae zaidi ya saa 8 kwa siku, na kioo cha starehe kisizidi saa 3. Haya, jumlisha: kazini saa 8, kwenye gari au treni, halafu sinema mpaka usiku wa manane. Hesabu imekataa.

Na mabosi wasijifiche. Sheria ya Ontario ya usalama kazini inawataka wachukue kila tahadhari inayofaa. Kijana, omba kiti cha maana bila aibu. Inuka kila nusu saa. Kila dakika 20, tazama mbali futi 20 kwa sekunde 20.

Na sisi wakubwa tuache kucheka. Uti wa mgongo hauna spea.

Au mnasemaje, wadau?