Kuna sifuri mbili mpakani Malaba

Kila siku ya kazi, kabla ya saa moja asubuhi, natoka Amagoro kwa bodaboda, nashuka penye msururu wa malori, naonyesha kitambulisho changu na kuvuka Mto Malaba kwa miguu. Saa moja na nusu niko mbele ya ubao, nafundisha Hisabati katika shule ya kibinafsi upande wa Uganda. Jioni narudi kwangu. Huu ni mwaka wa tisa, na kazi hii haijanilaza ng'ambo hata usiku mmoja.

Ukisema "Mkenya anayefanya kazi nje ya nchi", watu humfikiria nesi aliye London au mhandisi aliye Dubai. Mwalimu anayerudi nyumbani na sukuma wiki mkononi hafikiriwi. Lakini sheria inamjua vizuri. Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, inasema mwenye makao ya kudumu Kenya, akiwa nchini hata siku moja katika mwaka, ni mkaazi, na mkaazi hutozwa ushuru wa mshahara wake hata kama kazi ameifanyia nje. Uganda nayo hukata mapema, kwa kuwa kazi imefanyika kwao. Sigombani na yeyote kati yao. Watoto wangu wanasoma shule za umma Kenya, na barabara ninayoikanyaga mchana kutwa ni ya Uganda.

Nawaambia wanafunzi wangu kila siku waonyeshe kazi, basi nami nionyeshe yangu. Mshahara wangu ni shilingi 900,000 za Uganda kwa mwezi. Kule, 235,000 za kwanza hazikatwi. Zinazofuata, hadi 335,000, hukatwa asilimia 10. Kutoka hapo hadi 410,000, asilimia 20. Zilizobaki, asilimia 30. Jumla ni 172,000 kila mwezi. Tukibadilisha kwa 28 za Uganda kwa 1 ya Kenya, nimelipa kama shilingi 6,140 za Kenya.

Kenya ingenidai ngapi? Mshahara huo ni kama 32,140. Kwa viwango vya tangu Julai 2023, 24,000 za kwanza hutozwa asilimia 10 na zinazobaki asilimia 25. Toa afueni ya binafsi ya 2,400 kwa mwezi, unabaki na deni la 2,035 hivi. Uganda imekwisha kunikata mara tatu ya hizo.

Na sheria yetu, kwa haki, inaliona hilo. Inamruhusu raia wa Kenya aliyelipa ushuru wa mshahara nje kuutoa katika ushuru anaodaiwa hapa. Haimrudishii ziada, lakini deni lake hufutika. Kwa hiyo mwisho wa ritani yangu ni sifuri. Natangaza mshahara wote, naonyesha nilicholipa, kinabaki sifuri.

Mpakani kuna sifuri nyingine. Mwaka juzi, mwishoni mwa Juni, niliingia saiba na cheti cha ushuru kutoka shuleni. Kijana wa pale alikipitisha kidole mstari kwa mstari, akatikisa kichwa. "Mwalimu, miezi hii haioani." Kisha akashusha sauti: "Wewe jaza sifuri tu. Huku wote hujaza hivyo." Yaani niandike kwamba mwaka mzima sikupata hata senti.

Hakuwa mtoto mbaya, alitaka kunisaidia. Na kuhusu miezi alisema kweli. Mwaka wa ushuru wa Uganda huanza Julai na kuisha Juni. Wetu sisi Wakenya huanza Januari na kuisha Desemba, na ritani yake hutakiwa kufikia Juni 30 ya mwaka unaofuata. Sasa tazama: mshahara wangu wa Julai hadi Desemba umo katika cheti cha Uganda ambacho mwaka wake hufungwa Juni 30, siku ile ile mlango wa Kenya unapofungwa. Karatasi ninayotakiwa kuwa nayo mkononi haiwezi kuwa imeandikwa.

Sikujaza sifuri yake. Nilivuka tena, nikamwomba mhasibu wa shule anitolee hati za mshahara mwezi kwa mwezi, kila moja na muhuri. Zilipokamilika tarehe ilikuwa imepita, nikalipa faini ya shilingi 2,000. Hiyo ilikuwa bei ya kusema ukweli, na iliniuma, kwa sababu jirani yangu aliyesema uongo hakulipa chochote.

Ninachodai si msamaha wa ushuru. Nadai hati 12 za mshahara zenye muhuri zitambuliwe waziwazi kuwa ushahidi, bila mtu kusubiri cheti cha mwaka, na maelezo hayo yaandikwe kwa Kiswahili na kubandikwa Busia na Malaba. La pili ni kubwa zaidi. Tarehe 30 Novemba 2010, Kenya, Uganda, Tanzania, Rwanda na Burundi zilitia saini mkataba wa kuzuia mtu kutozwa ushuru mara mbili. Hadi leo haujaanza kufanya kazi, kwa sababu lazima wote watano wauridhie. Kenya ina mikataba ya namna hiyo na Uingereza, India, hata Zambia. Lakini na Uganda, ambayo naiona nikiwa nimesimama kwenye daraja, haina.

Nisiambiwe mamlaka za ushuru za nchi hizi mbili, KRA ya Kenya na URA ya Uganda, haziwezi kusemezana. Lori likitoka Mombasa na kufuli ya kielektroniki, KRA na URA hulifuatilia njia nzima hadi Kampala, na kwenye vituo vya pamoja vya mpakani maafisa wa nchi zote mbili huketi chini ya paa moja. Tani za saruji zina taarifa zinazovuka mto kabla ya dereva. Ushuru wa mwalimu lazima aubebe mwenyewe ndani ya mfuko wa plastiki.

Na haikuwa hivi tangu zamani. Baba yangu alikuwa karani wa reli Tororo, akilala upande wa Kenya kama mimi. Wakati wake sheria ya ushuru wa mapato ilikuwa moja kwa Afrika Mashariki, ile ya 1958, chini ya idara moja. Kenya ilianza kutumia sheria yake yenyewe Januari 1974. Mimi nilikuwa nimekwisha zaliwa.

Mwaka huu nimeanza mapema. Hati zangu ziko mezani, nusu ya kwanza upande huu, nusu ya pili upande ule. Shemeji, mke wa kaka yangu, ameniomba nimtengenezee hesabu zake pia. Alizaliwa Tororo, ni keshia huko huko, na analala hapa Malaba na wanawe. Kifungu kinachoniokoa kinamtaja raia wa Kenya, na yeye bado ni raia wa Uganda. Nimemchorea safu tatu kwenye daftari: mwezi, mshahara, ushuru uliokatwa Uganda. Mbili za kwanza tumezijaza. Ananiuliza ya tatu ataiandikia wapi.