Tuwafungulie watoto kabati la hadubini

Siku ya wazazi muhula uliopita, mama mmoja kutoka Rubavu alinijia akiwa na swali moja tu. Ni mfanyabiashara aliyevuka mpaka wa Goma miaka mingi na vitunguu kichwani, na binti yake anasoma bweni hapa Kigali. "Mwalimu," aliniuliza, "hiyo fizikia mnayomfundisha mwanangu itamlisha lini?"

Sikumlaumu. Sisi tuliorudi kutoka ukimbizini, pamoja na wenzetu wanaoishi kwa biashara ya mpakani, tumezoea kupima kila jambo kwa kile litakachotia sufuriani jioni. Lakini nilimuuliza: "Mama, ulichanjwa Ebola?" Akasema ndiyo. Alikuwa miongoni mwa waliochanjwa katika kampeni ya Umurinzi, iliyoanza Desemba 2019 huko Rubavu na Rusizi, ikiwalenga hasa watu wanaovuka kwenda Kongo.

Hakujua kwamba kabla ya kumfikia, chanjo ile ilikuwa imehifadhiwa katika baridi ya zaidi ya nyuzi 55 chini ya sifuri. Sababu ni hii: kila kitu kimeundwa na chembe ndogo ziitwazo molekuli, nazo hazitulii. Joto ni mtikisiko wa chembe hizo. Ukizipoza, mwendo unapungua, na kuharibika nako kunachelewa.

Baridi hiyohiyo ndiyo iliyowawezesha wanasayansi kuiona molekuli moja peke yake. Mwaka 1989, Mmarekani W. E. Moerner na mwenzake walipoza kipande cha kioo cha kikemikali kwa heliamu ya kimiminika, hadi takriban nyuzi 270 chini ya sifuri. Katika ubaridi huo molekuli hutulia kiasi kwamba kila moja huitikia rangi yake mahususi ya mwanga. Moerner akaweza kuitambua moja katikati ya matrilioni.

Tatizo jingine lilibaki. Tangu mwaka 1873, Mjerumani Ernst Abbe alikuwa ameonyesha kwamba hadubini ya mwanga haiwezi kutenganisha vitu vilivyokaribiana zaidi ya takriban nanomita 200, yaani sehemu moja ya 5,000 ya milimita. Kirusi cha Ebola kina upana wa nanomita 80 hivi. Kwa hadubini ya kawaida hukioni.

Ukuta huo ulivukwaje? Msomaji aliyewahi kulala Gisenyi anazijua taa za wavuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu. Zikiwaka zote pamoja, kwa mbali unaona ukungu mmoja wa mwanga. Lakini zingewaka moja baada ya nyingine, ungeweza kuweka alama katikati ya kila taa, na mwisho ungekuwa na ramani ya mitumbwi yote. Hivyo ndivyo inavyofanyika kwa molekuli: zinawashwa chache chache, kila moja inawekewa alama, kisha alama zinaunganishwa. Na zikiwa kwenye baridi kali hudumu kung'aa muda mrefu zaidi, hivyo alama inakuwa sahihi zaidi. Mwaka 2017 watafiti wa Erlangen, Ujerumani, walitumia njia hiyo kupima ndani ya protini moja kwa usahihi usiofika hata nanomita moja.

Sasa tuwatazame watu wenyewe. Moerner alipata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2014 pamoja na Eric Betzig na Stefan Hell. Hell alizaliwa Romania, akahamia Ujerumani na wazazi wake akiwa kijana mwaka 1978. Betzig aliacha utafiti akaenda kufanya kazi katika kiwanda cha baba yake. Aliporudi, yeye na rafiki yake Harald Hess waliijenga hadubini yao ya kwanza ya aina hiyo sebuleni kwa Hess, mjini La Jolla, Marekani. Mhamiaji mmoja, na mwingine asiye na maabara!

Nayasema haya kwa uchungu. Nilisoma sekondari ukimbizini, mkoani Kagera, Tanzania. Shule yetu ilikuwa na hadubini moja, imefungiwa kabatini. Tuliichora daftarini kutoka ubaoni, tukajibu mtihani, tukafaulu. Nilimaliza kidato cha nne bila kuigusa. Waliificha isiharibike, na miaka yote ile haikumwonyesha mtoto hata mmoja kitu chochote.

Leo ninakutana na kabati kama lile katika shule zetu wenyewe. Wapo watakaosema hatuna heliamu ya kimiminika, basi tunajisumbua bure. Nami nawajibu kwamba mtoto haanzi na heliamu, anaanza kwa kuona. Tangu mwaka 2018 Kigali ina taasisi ya Afrika Mashariki ya utafiti wa fizikia, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda. Nani atakayeingia humo ikiwa watoto wetu wanaijua hadubini kwa mchoro tu?

Walimu wakuu, toeni funguo. Hadubini ikivunjika mikononi mwa wanafunzi, itakuwa imekwisha kufanya kazi yake. Kamati za wazazi, mnapochangia rangi ya ukuta na lango jipya, changieni na lenzi.

Yule mama nilimpeleka maabara. Nikabandua utando mwembamba wa kitunguu, nikauweka chini ya lenzi. Alitazama kwa muda mrefu, vyumba vimepangana kama matofali. "Mwalimu," akasema, "miaka yote hii nauza hiki?" Kisha akamwita binti yake aje amweleze. Binti alieleza vizuri, na mama alichelewa basi la Rubavu.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu wa sayansi jijini Kigali.