Upendo Hautoshi, Waulize Watoto wa Kambo

Riwaya za mapenzi ya Waamishi zinatudanganya, na sisi tunapenda kudanganywa. Unazijua: msichana wa kofia nyeupe kwenye jalada, nyuma yake mahindi na kigari cha farasi. Ndani kuna baba aliyefiwa na mke, watoto wanne, na mwanamke mpole anayejua kuoka mikate. Sura ya tatu watoto wanamchukia. Sura ya ishirini wanamwita mama. Harusi, amina, kwisha.

Waandishi wengi wa riwaya hizo si Waamishi. Hata Beverly Lewis, ambaye The Shunning yake ya 1997 ililipa soko hilo nguvu, si Mwamishi. Lakini wanajua jambo moja: Waamishi hawakubali talaka. Kwa hiyo ili mtu aoe tena, lazima mwenzake afe. Kifo kinamfagilia mwandishi njia. Hakuna ex wa kupiga simu usiku.

Sasa njoo Kitale. Hapa ex yuko hai, yuko Kimilili, na ana simu. Leo anatuma pesa, kesho anatuma matusi. Familia mbili zinaunganishwa huku uzi wa ile ya kwanza haujakatika, halafu mtu anakwambia eti mkipendana tu mambo yatajipanga. Yatajipangaje?

Chukua Bungoma, Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili. Mvulana wa Kibukusu anazunguka na chinyimba, zile kengele za mkononi, akialika jamaa zake. Kwa mjomba hana shida, mama ni yuleyule. Lakini alfajiri, akitoka mtoni amepakwa tope, atasimama kwenye boma la nani? La baba aliyemzaa na hajawahi kumlipia karo, au la huyu aliyemlea tangu chekechea? Swali hilo haliulizwi siku ya harusi. Linaulizwa mbele ya ukoo mzima, na anayelijibu kwa mwili wake ni mtoto.

Halafu kuna shamba. Watu wengi wa Bungoma wana kipande cha ardhi Trans Nzoia, na kila ekari ina macho kumi yanayoitazama. Baba wa kambo akiwa hai, kijana ni “mwanangu.” Akizikwa tu, kijana anakuwa “yule aliyekuja na mama yake.” Wale waliokula naye ugali miaka kumi na tano ndio wanaomwonyesha njia ya kwenda stendi.

Sheria haijanyamaza. Sheria ya Urithi, inayotumika Kenya tangu 1981, inamhesabu kuwa mtoto wa mwanamume yule ambaye alimkubali kama wake, au ambaye alijitwika jukumu lake la kudumu kwa hiari. Safi sana. Tatizo ni kwamba jambo hilo huthibitishwa mahakamani wakati shahidi mkuu yuko kaburini. Mzee alikupenda, sawa, lakini alimwambia nani? Aliandika wapi?

Wapo watakaosema kuuliza habari za shamba kabla ya harusi ni tamaa, ni kumharakishia mtu kifo. Hapana. Tamaa ni kumchukua mwanamke na nguvu zake zote, kisha mtoto wake ukamfanya mgeni wa kudumu. Wengine watasema damu ni nzito kuliko maji. Sawa, lakini damu hiyo ilikuwa wapi karo ilipodaiwa?

Kwa hivyo wewe unayepanga kuoa au kuolewa na mtu mwenye mtoto, usiniambie unampenda. Niambie umeketi na wazee wa pande zote mbili ukasema, mtoto akisikia, kwamba huyu ni wangu na boma lake ni hili. Niambie wosia uko wapi. Kama huwezi kusema hayo ukiwa hai na mzima, usimfundishe mtoto kukuita baba.