Nyungu ya Bibi Ushamba, Banya ya Urusi Ndo Spa?

Kuna binti mmoja wa Mpanda, jina kapuni, yuko Urusi kimasomo. Juzi kaposti picha akitoka banya kwa mara ya kwanza, uso unang'aa, na wadau wakamwagika: "Unakula bata, dada!" "Spa ya kishua!"

Mwenyewe anasema nusura akimbie. Chumba cha mbao, mawe yaliyopashwa moto mpaka basi, mwenyeji anayamwagia maji, mvuke unapanda. Kichwani kavalishwa kofia nzito ya sufu kukinga joto. Kisha kachapwachapwa mgongoni na fungu la matawi yenye majani, akatolewa na kumwagiwa maji ya baridi. Mwisho chai na stori.

Haya, njoo Makanyagio. Bibi kachemsha mchaichai, mwarobaini na majani ya mlimao, kajifunika blanketi na sufuria lake, jasho linamtiririka. Huyo anaitwa mshamba, na wajukuu wanamrekodi wamcheke. Tofauti iko wapi, kama siyo nauli ya ndege?

Ukweli usemwe: nyungu iliharibiwa jina mwaka 2020, ilipobebeshwa mzigo wa kutibu korona. Mvuke hautibu korona, na sufuria la maji ya moto chini ya blanketi linaunguza mtu. Ugonjwa ulipopita, nyungu ikabaki kichekesho. Mwaka huohuo, mwezi Desemba, UNESCO ikauingiza utamaduni wa sauna wa Wafini kwenye orodha ya urithi wa binadamu. Wenzetu wanapewa heshima, huku bibi anachekwa.

Mrusi hasubiri augue ndo aende banya. Anaenda na ndugu na marafiki kutoa jasho, kuoga na kupumzika. Hapo ndipo pa kuiga. Nyungu nayo ipewe kazi hiyo: usafi, mapumziko na kukaa pamoja, kwenye chumba salama, sio kuinama juu ya maji yanayochemka. Mwenye presha, ugonjwa wa moyo au ujauzito amuulize daktari kwanza.

Binti hana kosa, aendelee kula bata. Ila siku akirudi Mpanda, akae na bibi yake amuulize majani gani yanachumwa wapi. Bibi akiondoka na hayo, hakuna ndege itakayoyarudisha.

Au mnasemaje, wadau?