Sekenke: Kushuka Ndiyo Ngoma



Likizo ya mwezi Juni inakaribia, na vijana wetu wameifikisha mbele ya kamati ya msikiti azma yao: kutoka Singida mjini kwa baiskeli, kuvuka uwanda wa juu wa Iramba, kuteremka mlima Sekenke na kufika Shelui. Wazazi wamegawanyika. Wapo wanaosema huko ni kuwapeleka watoto kwenye mauti, na wapo wanaosema kijana asiyeijua nchi yake hawezi kuipenda. Sisi tunaona safari hii inafaa, ila kwa sharti moja ambalo vijana hawakulipokea kwa furaha: Sekenke isiteremkwe mtu akiwa juu ya baiskeli. Iteremkwe kwa miguu, baiskeli ikikokotwa.

Tuitazame kwanza nchi yenyewe. Kutoka Singida mjini hadi Shelui ni takribani kilomita 110. Mji wetu uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na barabara hubaki juu mpaka ipite Misigiri, penye njia panda ya Kiomboi. Mbele ya hapo ardhi hukatika. Huo ndio ukuta wa Sekenke, na chini yake imetandaa mbuga ya Wembere, ambayo maji yake huelekea ziwa Kitangiri na hatimaye ziwa Eyasi. Njia hiyo ndiyo wanayopita waendao Nzega na Mwanza, na ndiyo ya malori yaendayo Rwanda na Burundi. Kona zake ni kali, na dereva wa lori lililosheheni hawezi kusimama ghafla kwa ajili ya kijana aliyeanguka mbele yake.

Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Apandaye mlima huchoka, akichoka husimama, na akisimama hupona. Ashukaye hachoki, na hapo ndipo hatari ilipo. Chukulieni kijana, baiskeli na mizigo yake kuwa kilo 100, naye ateremke mita 300 kwa mwendo wa pole, breki ameikamata njia nzima. Nguvu yote ya mteremko ule hugeuka joto, na joto hilo hukaribia kutosha kuchemsha lita moja ya maji ya baridi. Sehemu kubwa huishia kwenye vipande vinne vidogo vya mpira na kwenye rimu wanazozibana. Mpira ukipata moto huteleza, rimu ikipata moto tyubu huweza kupasuka. Akiiachia breki ili ipoe, mwendo humshinda kabla ya kufika kwenye kona. Ndiyo maana hatusemi waendeshe kwa uangalifu. Tunasema washuke chini.

Vijana wametujibu kwamba kukokota baiskeli ni aibu. Tunawaelekeza kwa mabingwa wa safari waliopita katika mkoa huu huu kabla hapajakuwa na reli wala lami. Misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilikuwa lazima ipite Mgunda Mkali, nyika ya Manyoni na Itigi, yenye miiba mingi na maji machache. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa na kanuni. Mbele alitangulia kirangozi, naye ndiye aliyepima mwendo. Aliyethubutu kumpita alitozwa faini. Mahali maji yalipokuwa mbali, walifanya terekeza: walikunywa na kujaza vibuyu, wakaondoka alasiri jua likipungua, wakalala pasipo maji, na asubuhi wakayafikia maji mengine kabla ya jua kali. Hawakuwa watu waoga. Walijua kwamba safari haipimwi kwa aliye na nguvu kuliko wote, bali kwa kiu na kwa miguu ya aliye dhaifu.

Basi na mpango wetu ujengwe juu ya misingi hiyo. Kwanza ni majira. Juni ni kiangazi, na ndivyo ifaavyo. Wakati wa masika udongo mweusi wa mbuga hunata kwenye magurudumu mpaka yakakataa kuzunguka. Lakini usiku wa Juni hapa kwetu ni wa baridi na upepo, kwa hiyo blanketi si anasa.

Pili ni saa. Jua huchomoza karibu saa 1 kasoro robo asubuhi na kuzama baada ya saa 12 na nusu jioni. Adhuhuri huingia karibu saa 7 kasoro robo, wakati ambao mwili nao unataka kivuli. Basi swala na mapumziko viende pamoja. Kwa kuwa masafa yanazidi kilomita 80 ambazo wanazuoni wengi wamezikadiria kuwa za msafiri, ruhusa ya kupunguza na kukusanya swala ipo, na kiongozi awafundishe kabla ya kuondoka.

Tatu ni mwendo. Kwa kilomita 12 kwa saa, kilomita 110 ni saa tisa na zaidi za kukanyaga pedeli, bila kuhesabu pancha, chakula wala swala. Siku moja haitoshi. Siku ya kwanza waishie Misigiri, walale. Siku ya pili, asubuhi na mapema, wateremke Sekenke wakiwa na miguu mipya na mwanga mzuri: mstari mmoja, nje ya lami, upande wa kulia ili wayaone magari yanayopanda yakiwakabili.

Nne ni maji. Lita 4 kwa mtu kwa siku si nyingi. Vijana 12 watahitaji lita 48, nazo ni kilo 48. Haziwezi kubebwa na baiskeli moja, wala zisiachwe kwa bahati. Kwa hiyo watu wazima wawili watangulie kwa basi juma moja kabla, na daftari mkononi. Waandike maji yanapopatikana, kivuli kilipo na mahali pa kulala. Wawaarifu watendaji wa vijiji. Wakumbuke pia kwamba hospitali ya wilaya iko Kiomboi, nje ya barabara kuu.

Wakiwa chini ya mlima, vijana waelezwe walipo. Dhahabu ya Sekenke ilichimbwa tangu enzi za Wajerumani, na mwaka 1916, vita vilipowakatia Wajerumani njia ya kupata fedha kutoka kwao, dhahabu hiyo ilipigwa sarafu za rupia 15 mjini Tabora, zenye picha ya tembo. Kijana aliyeshuka mlima ule kwa miguu hataisahau habari hiyo.

Kurudi kuwe kwa gari, na baiskeli zipakiwe. Nauli hiyo ihesabiwe tangu sasa, maana mpango usio na njia ya kurudi haujawa mpango.

Wazazi, msiwakatalie watoto wenu, wala msiwaruhusu kwa neno tupu. Kabla ya Ijumaa ijayo, kila mzazi akague breki, matairi na kengele kwa mikono yake mwenyewe, kisha atuletee idhini kwa maandishi. Nanyi vijana, chagueni kiongozi mmoja ambaye akisema "shukeni," wote watashuka. Kama hampati wa namna hiyo miongoni mwenu, ahirisheni. Sekenke haihami.

Mwenyezi Mungu awape safari njema na marejeo ya salama. Amin.