KONA YA KOMPYUTA: Jiwe la kumbukumbu



Familia kadhaa zinatuuliza: tutawaandikiaje jina wazee wetu waliozikwa nyumbani, na makaburini hatufiki? Basi mwezi huu tunachora jiwe kwa GIMP. Ni programu ya bure, na ikishaingia kwenye kompyuta haitaki intaneti.

Tunafungua picha mpya, tunaenda Filters, kisha Render, tunatafuta Solid Noise. Yatatokea kama mawingu meusi na meupe. Juu yake tunaongeza tabaka jipya, tunalijaza rangi ya kijivu. Halafu Filters, Map, Bump Map. Tunachagua lile tabaka la mawingu. Penye weupe panainuka, penye weusi panabonyea. Jiwe hilo!

Siri ni mwanga, siyo rangi. Mwanga ukitoka kushoto juu, kivuli cha herufi nacho kiangukie kulia chini. Vikipingana, jicho linakataa.

Kabla ya kuandika jina, tumuulize bibi au mjomba linaandikwaje. Kosa la herufi moja linaumiza. Na picha hii tutaibeba popote tutakapokwenda.