Halloween inakuja: Usiuze neno "rafiki wa mazingira", uza nguo

Leo naongea zaidi na sisi tunaouza mtandaoni tukiwa huku Uingereza, ila hata wewe uliye Nairobi au Dar usiondoke, kuna kipande chako humu ndani.

Septemba ikianza tu, magrupu ya wauzaji yanajaa swali moja: "Nani ana mtu wa China wa mavazi ya Halloween?" Siku hizi limeongezeka na la pili: "Nataka yale ya rafiki wa mazingira, wazazi wa huku wanayapenda." Hapo ndo nina neno la kusema. Mimi nauza nguo za watoto zilizotumika, niko Leicester, na huu ni msimu wangu wa sita. Msimamo wangu ni kwamba Halloween rafiki wa mazingira haiagizwi kwa katoni. Ipo tayari kwenye makabati ya watu. Kazi yetu ni kuitoa nyumba hii na kuipeleka nyumba ile kabla haijatupwa.

Tuangalie hesabu kidogo. Mwaka 2019 shirika la Fairyland Trust, likisaidiwa na Hubbub, lilikagua nguo za Halloween 324 kwenye maduka 19 ya hapa. Asilimia 83 ya malighafi yake ilikuwa plastiki inayotokana na mafuta, sehemu kubwa poliesta. Wakakadiria kwamba nguo za msimu mmoja huacha taka za plastiki kama tani 2,000. Na hiyo ni nguo ambayo mtoto anaivaa kwa muda wa saa mbili tatu tu, jioni ya tarehe 31 Oktoba, akigonga milango kuomba peremende, halafu basi.

Zisipotupwa, nyingine zinatiwa kwenye mifuko ya msaada na kuishia kwenye robota. Mwenzetu wa Gikomba au Karume anafungua robota la nguo za watoto alilolilipia kwa kilo, anakuta gauni la mchawi lenye buibui wa plastiki kifuani. Amuuzie nani? Hiyo ndo sehemu yako wewe uliye nyumbani: taka ya huku inakuwa hasara ya mtaji wako kule.

Halafu hii ya mavazi ya dukani wala si mila ya kale. Watu wa Ireland na Scotland walikuwa wanachonga tanipu, tena ngumu kweli kuchonga, na watoto wanajifunika nguo kuukuu na kujipaka masizi usoni. Waayalandi waliohamia Marekani karne ya 19 wakakuta maboga, makubwa na laini, tanipu zikasahaulika. Kwa hiyo mzazi anayemvalisha mtoto shuka la zamani yuko karibu na asili ya sherehe hii kuliko aliyenunua pakiti.

Sasa turudi kwenye hilo neno. Mtu anaagiza vazi la poliesta, anabandika "eco" kwenye tangazo kwa sababu limefungwa kwa karatasi ya kaki. Bwana, huku hiyo ni hatari. Mamlaka ya ushindani na masoko, CMA, ilitoa mwongozo wake wa madai ya kijani Septemba 2021: ukidai kitu ni kizuri kwa mazingira uwe na ushahidi, na usifiche upande mbaya. Tangu Aprili 2025 mamlaka hiyo inaweza kutoza faini yenyewe bila kupitia mahakamani. Utaniambia hawatamfuata muuzaji wa chumbani. Pengine. Lakini mteja atakufuata, na tathmini ya nyota moja haikatiwi rufaa.

Tangazo langu mimi huwa hivi: "Vazi la popo, miaka 5 hadi 6, limevaliwa msimu mmoja, bawa la kushoto limeshonwa upya, lebo ipo, limefuliwa." Hamna neno mazingira hata moja, mama anaelewa mwenyewe. Mwaka jana mteja mmoja aliniandikia, "Dada, kumbe umeonyesha hadi pale liliposhonwa?" Nikamjibu, ndiyo mama, ili usikute jambo la kukushangaza ukifungua. Alichukua matatu. Vazi jipya dukani ni pauni 12 mpaka 20, la kwangu ni pauni 6, na faida yangu kwa kila moja ni nzuri kuliko ya yule anayelipia usafiri wa meli na kubaki na mzigo Novemba.

Nimetaja lebo makusudi. Kwa sheria za hapa vazi la kuigiza la mtoto linahesabiwa kama kitu cha kuchezea, kwa hiyo linatakiwa liwe na alama ya CE au UKCA, na kipimo kimojawapo ni jinsi linavyoshika moto. Fikiria gauni jepesi lenye pindo refu, na mlangoni kuna boga lenye mshumaa ndani. Mwaka 2014 binti wa mtangazaji wa televisheni wa hapa aliungua vibaya namna hiyo hiyo, na ikaandikwa kila mahali. Kwa hiyo vazi lililokatwa lebo mimi silinunui hata kwa senti hamsini. Na ndani ya kifurushi naweka karatasi ndogo: tumia mshumaa wa betri, na mvalishe mtoto fulana na suruali nzito ndani. Oktoba yenyewe ni baridi, hakuna mzazi atakayebisha.

Kwa sababu hiyo hiyo siwashauri mafundi wetu washone mavazi ya watoto na kuyauza hivi hivi. Najua mikono yenu, najua mnaweza. Ila ukimshonea mtoto wa watu vazi la kuigiza kwa kuuza, wewe ndo mtengenezaji mbele ya sheria, na vipimo na makaratasi ni vyako. Mzazi akimshonea mwanawe nyumbani, hiyo ni habari nyingine, na hapo tunaweza kumsaidia: muuzie fulana nyeusi iliyotumika na shuka jeupe kuukuu, muonyeshe picha ya jinsi ya kukata mifupa na kuishonea juu. Umemuuzia nguo ya kawaida. Ikipita Halloween anafumua mifupa, mtoto anaenda nayo kwenye mpira.

Kwa fundi, pesa iko kwenye mapambo. Pambo la sherehe si kitu cha kuchezea, mradi huliuzi kama mwanasesere. Mabaki ya kitenge, yale unayotupa baada ya kukata gauni, yanashonwa boga la kitambaa: unakata duara, unapitisha uzi ukingoni, unajaza vipande vidogo vya nguo zisizovalika, unakaza, unapitisha uzi mnene juu hadi chini mara sita upate mikunjo, kikonyo unaweka kijiti cha mti. Dakika ishirini. Rangi ya machungwa na kahawia zinakwenda haraka, lakini niliona za bluu na njano zikiisha kwanza kwenye soko la shule moja, kwa sababu hakuna duka kubwa lenye kitu kile. Na hata wale wasiotaka kabisa Halloween, kwa dini au kwa kuwa kwetu uchawi si mchezo, wanayanunua kama mapambo ya msimu wa mavuno. Hao nawaheshimu, simlazimishi mtu.

Chakula nitakigusa kidogo tu, maana ukitaka kuuza cha nyumbani lazima ujisajili na halmashauri yako siku 28 kabla ya kuanza, japo usajili wenyewe ni bure. Mimi siuzi chakula. Natoa maelezo ya mapishi kwa nyuma ya ile karatasi ya usalama. Watu huku wanachonga boga, nyama ya ndani inaenda kwenye pipa, roho inaniuma. Boga la kuchonga lina maji mengi na halina ladha sana, kwa hiyo lipikwe siku hiyo hiyo bila kuongeza maji, mfuniko juu, kisha sukari, iliki na tui zito mwishoni, kama tunavyofanya futari. Mbegu zioshwe, zikaushwe, zikaangwe na chumvi. Lile gamba lililokaa mlangoni na mshumaa siku tatu lisiliwe tena, liende kwenye mboji. Na wasilipeleke msituni wakidhani wanalisha wanyama, linaumiza matumbo ya nungunungu wadogo wa hapa.

Kuhusu muda: matangazo yawe juu kuanzia katikati ya Septemba, na wiki ya mwisho ya Oktoba shule nyingi zimefunga, wazazi wanakumbuka ghafla. Oda za posta mimi nafunga tarehe 26. Baada ya hapo ni kuja kuchukua mlangoni tu.

Lakini siku kubwa kwangu ni tarehe 1 Novemba. Asubuhi hiyo naandika kwenye grupu la mtaa: "Nanunua mavazi ya Halloween ya watoto, lebo iwepo, pauni 2 kila moja." Watu wanaleta wenyewe, wanafurahi kupunguza vitu ndani. Nafua, napiga picha kukiwa bado na mwanga, naandika saizi na kasoro kwenye kikaratasi. Ya mchawi, ya mbwa mwitu na ya mfalme yanatoka Machi, kwa sababu Alhamisi ya kwanza ya mwezi huo shule za hapa zina siku ya vitabu na kila mtoto anatakiwa aende amevaa kama mhusika. Ya mifupa na mizimu yanasubiri hadi Septemba. Boksi mbili chini ya kitanda, hazidai kodi.